Kisu cha Tupa Kilichokatika Shingoni: Kosa Lilikuwa Katika Moto Gani?

Kisu kilianguka kutoka juu ya meza hadi kwenye sakafu ya saruji, kikakatika vipande viwili. Hakikupinda hata kidogo. Kilikatika shingoni, pale bapa linapokutana na mkia unaoingia ndani ya mpini, na kipande cha mbele kikabaki na makali yake mazima, tayari kukata. Kilitokana na tupa kuukuu, tupa bapa ya kusugulia chuma ambayo meno yake yalikuwa yamelika. Mhunzi mwenzangu aliyekitengeneza aliniletea vipande vyote viwili, pamoja na kishina cha tupa ileile alichokuwa amekikata mwanzoni na kukiweka kando. Kishina hicho kilitufaa kuliko maelezo yote, maana kilituwezesha kuuliza swali kwa chuma chenyewe badala ya kubishana.

Na ubishi ulikuwa umekwisha kuanza. Karibu kila aliyekiona kisu alitoa hukumu moja: hakikulegezwa vya kutosha. Yaani, baada ya kutiwa matiko (kupashwa hadi wekundu na kuzimwa ghafla ili kiwe kigumu), hakikupashwa tena moto mdogo wa kutosha kupunguza ugumu na kukipa ustahimilivu. Ushauri ukawa kwamba kisu kijacho kipelekwe hadi rangi ya buluu. Hukumu hiyo hupendwa kwa sababu ina chembe ya ukweli. Tupa inapotoka kiwandani huwa na ugumu wa takribani 62 hadi 67 kwa kipimo cha Rockwell C, nao ni ugumu wa kitu kinachosugua, si wa kitu kinachopigwa. Kisu cha kazi cha feleji ya aina hii hukaa vizuri kwenye 58 hadi 61. Anayesahau kulegeza hupata kisu kinachovunjika, hilo halina mjadala. Ila mhunzi huyu hakusahau.

Alifanya hivi. Aliipasha tupa katika tanuri ya makaa mpaka ikawa na rangi ya chungwa, akaifukia ndani ya makaa hayohayo na kuyaacha yazimike yenyewe usiku kucha ili ilainike. Asubuhi ilikubali msumeno na drili. Akaipa umbo kwa grainda. Mgongoni na shingoni aliacha mistari ya meno ya zamani ionekane, kwa kuwa watu hupenda kuona kisu kilianza maisha kikiwa nini. Pembe ya shingo aliikata mraba kabisa ili mpini ukae sawasawa bila mwanya. Kisha, mchana wa jua, nje ya kibanda, akakipasha mpaka akaona wekundu alioupenda, akakitumbukiza katika maji ya kawaida. Tupa mpya ikateleza juu ya makali bila kuuma, ishara ya ugumu, naye akaridhika. Papo hapo akakisafisha kwa msasa, akakiweka ndani ya oveni kwenye nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa mbili, akakiacha kipoe, akarudia mara ya pili. Kikatoka na rangi ya majani makavu iliyoenea bapa zima.

Kulegeza kwa namna hiyo ni kuzuri. Mizunguko miwili, muda wa kutosha, joto linalofaa, na hakukawia. Kama mtu angeniletea hatua hiyo pekee kwenye karatasi ningeipitisha bila kugusa kitu. Kwa hiyo ilibidi tutazame nyuma zaidi, na pa kuanzia ni uso wa mvunjiko.

Watu wengi wakivunja kisu hutupa vipande, au huvisaga upya haraka kana kwamba ni aibu. Mvunjiko mpya unastahili kuhifadhiwa mkavu, usiguswe kwa vidole, utazamwe kwenye mwanga wa pembeni kwa lenzi ya kukuzia. Hapa ulionyesha mambo mawili. Sehemu kubwa ilimetameta kwa chembe kubwa zilizoonekana kwa macho matupu, kama sukari iliyomwagwa. Na kwenye kona moja, palepale mstari wa jino la zamani ulipokutana na pembe ya mraba ya shingo, kulikuwa na doa lenye umbo la nusu mwezi ambalo halikumetameta kabisa. Rangi yake ilikuwa hudhurungi ikielekea weusi.

Doa hilo linataja wakati. Chuma kilichovunjika leo huwa cheupe, hakina rangi. Ili uso wa ndani ya ufa upate hudhurungi ni lazima uwe umekutana na hewa ukiwa na moto. Kisu hiki baada ya kutiwa matiko kilipata moto wa aina moja tu, ule wa oveni. Maana yake ufa ulikuwepo kabla hakijaingia ndani ya oveni. Kilipasuka ndani ya maji, kikalegezwa kikiwa kimepasuka, kikatiwa mpini kikiwa kimepasuka, na sakafu ikamalizia tu. Hakuna joto la kulegeza, liwe la majani makavu au la buluu, linaloweza kuuziba ufa.

Kwa nini kilipasuka ndani ya maji? Hapa inabidi tuijue feleji ya tupa. Tupa nzuri za zamani zilitengenezwa kwa feleji yenye kaboni nyingi, mara nyingi kati ya asilimia 1 na 1.3, bila vitu vingi vingine ndani yake. Feleji hiyo ikipashwa kupita nyuzi 727 hivi hubadilika mpangilio wa ndani, ikawa austenaiti, hali ambayo chuma huweza kuyeyusha kaboni ndani yake kikiwa bado kigumu. Ikipozwa ghafla, kaboni haipati nafasi ya kutoka, na austenaiti hugeuka martensaiti, ambayo ndiyo ugumu tunaoutafuta. Lakini kiasi cha kaboni kinachoyeyuka hutegemea joto. Kwenye nyuzi 780 hadi 800 ni sehemu tu ya kaboni iliyomo inayoyeyuka. Inayobaki hukaa kama punje ndogo ndogo ngumu za sementaiti, yaani chuma na kaboni zilizoungana, zilizotawanyika kati ya chembe za chuma. Punje hizo hufanya kazi mbili kubwa: huongeza uhai wa makali, na huzuia chembe za chuma zisikue kwa kuzibana mipakani.

Ukipandisha joto hadi nyuzi 900 hivi, karibu punje zote huyeyuka. Kuanzia hapo hakuna kinachozibana chembe, nazo hukua haraka, zikimezana. Tena martensaiti inayotokana na kaboni nyingi iliyoyeyuka yote ni kavu zaidi, yaani huvunjika kwa urahisi, na sehemu ya austenaiti hukataa kugeuka, ikabaki ndani. Hiyo ndiyo hali ya kisu chetu. Jua la mchana lilimdanganya macho. Wekundu wa chuma unaoonekana mkali kivulini hufifia ukiwa juani, kwa hiyo mtu anayetafuta wekundu uleule juani huongeza moto kwa nyuzi nyingi bila kujua. Nilipomwomba apashe kipande cha chuma mle kivulini na aniambie kikifika rangi aliyoizoea, alishtuka kuona kwamba ilikuwa chungwa iliyokolea.

Kisha kuna maji. Tupa kiwandani hutiwa matiko kwa maji au maji ya chumvi, na wengi husema basi kisu cha tupa nacho kizimwe kwa maji. Ila tupa ni nene na ina umbo linalofanana kutoka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mkia, ambao kwa kawaida huachwa laini. Kisu kina makali membamba, mgongo mnene, na shingo inayobadilika upana ghafla. Martensaiti huchukua nafasi kubwa kuliko austenaiti iliyoizaa, kwa hiyo kila sehemu hutanuka inapogeuka. Nje hugeuka kwanza, ndani hugeuka baadaye na kuisukuma nje ambayo tayari ni ngumu na haina pa kwenda. Nguvu hiyo hutafuta mahali padhaifu pa kuanzia. Pembe ya mraba ni mahali hapo, na mtaro wa jino la tupa ni mahali hapo. Kwenye kisu hiki viwili hivyo vilikutana katika kona moja, na doa lilianzia hapohapo.

Lipo jambo jingine nililolishuku, la ule usiku wa makaa. Feleji yenye kaboni kupita asilimia 0.77 au 0.8 hivi, ikipoa polepole sana kutoka joto la juu, huitupa kaboni ya ziada mipakani mwa chembe, na sementaiti hujenga wavu unaozunguka kila chembe. Wavu huo ni mkavu kama chochote kilichomo ndani ya chuma, na ufa hupenda kuufuata. Kuzika tupa kwenye majivu au makaa ikiwa ya rangi ya chungwa ni desturi iliyoenea, na kwa chuma cha kaboni ya wastani haina madhara makubwa. Kwa tupa siipendi hata kidogo.

Tulikikata kishina vipande vidogo tukavipasha kivulini, tukiwa na sumaku. Sumaku ni msaada mkubwa, ila inaeleweka vibaya. Husemwa kwamba chuma huacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi 770, na kwa chuma tupu ni kweli. Feleji ya tupa huacha mapema kidogo, pale inapogeuka austenaiti. Ikiacha kushikwa umefika mlangoni. Inahitaji joto kidogo zaidi, rangi inayong'aa kidogo kuliko hapo, na dakika chache za kutulia ili kaboni iyeyuke. Katika kibanda chenye giza kidogo utaona pia kivuli cheusi kikitembea ndani ya wekundu wakati chuma kinapogeuka, kwa sababu mgeuko wenyewe hunywa joto. Kivuli kikiisha na rangi ikawa moja, umefika. Mimi hukiamini kivuli hicho kuliko maelezo ya rangi, kwa kuwa hakitegemei jicho la mtu linavyouona wekundu.

Kipande cha kwanza tulikipasha hivyo, tukakizima katika mafuta ya moto kidogo, tukakibana katika jiliwa, tukakifunika kwa kitambaa kinene na kukivunja kwa nyundo huku tumevaa miwani. Mvunjiko wake ulikuwa wa kijivu kilichofifia, chembe hazionekani, na ulikuwa sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Huo usawa ulijibu swali jingine ambalo kila anayeokota tupa anapaswa kuliuliza. Kuna tupa za bei ya chini zilizotengenezwa kwa chuma laini na kuongezewa kaboni kwenye ngozi ya nje tu. Ukizivunja utaona ukanda mwembamba mgumu na moyo wa aina nyingine. Ukisaga meno yake umeiondoa feleji yote iliyokuwepo, na hakuna matiko yatakayokisaidia kisu hicho. Hii yetu ilikuwa feleji mpaka ndani.

Kipande cha pili tulikipasha hadi rangi aliyoizoea mwenzangu, tukakizima na kukivunja. Zile chembe zinazometameta zikatoka vilevile kama kwenye kisu. Cha tatu kikapashwa na kuzimwa vivyo hivyo, halafu kikalegezwa hadi buluu, kama washauri walivyotaka. Kilijikunja kidogo zaidi kabla ya kukatika, na tupa mpya ikaanza kuuma juu yake, maana ugumu ulikuwa umeshuka sana. Lakini chembe zilikuwa zilezile. Kulegeza hubadilisha kilichomo ndani ya chembe, hakupunguzi ukubwa wake. Tena buluu huanza karibu na nyuzi 290, nayo imo ndani ya eneo baya: feleji nyingi za kaboni zikilegezwa kati ya takribani nyuzi 260 na 370 hupoteza uwezo wa kustahimili pigo badala ya kuuongeza. Mtu angepoteza makali, na huenda asingepata hata ule ustahimilivu aliouendea.

Cha nne kilikuwa ndicho nilichokitaka zaidi. Tulikipasha kupita kiasi kama cha pili, lakini badala ya kukizima tukakiacha kipoe hewani mpaka weusi. Kisha tukakipasha mara tatu, kila mara chini kidogo ya mara iliyotangulia: kwanza nyuzi 870 hivi, halafu 815, halafu 760, na kila mara kikaachwa kipoe hewani mpaka sumaku ishike na wekundu uishe. Kila kivuko cha ule mgeuko huzaa chembe mpya, na joto dogo huziacha zikiwa ndogo. Kupoa hewani nako hakuupi ule wavu wa sementaiti muda wa kujengeka vizuri. Ndipo tukakipasha sawasawa, tukakizima katika mafuta na kukivunja. Kijivu kilichofifia kilirudi. Kumbe feleji ya kisu kile haikuwa imekufa. Ilikuwa ikiponyeka mpaka dakika ya mwisho kabla ya kuingia majini.

Angalia pia kwamba vipande vyote vilivyozimwa, kabla ya kulegezwa, vilipita mtihani wa tupa kuteleza. Kilichopashwa sawa kiliteleza, kilichounguzwa kiliteleza vilevile. Mtihani ule hujibu kama chuma kimekuwa kigumu, basi. Hauna habari za chembe wala nyufa, na ndio uliomridhisha mwenzangu mapema. Njia pekee ya kibandani ya kuona chembe ni kuvunja, kwa hiyo kila tupa ikatwe kipande cha kuvunjwa kabla ya kazi kuanza. Ni urefu wa kidole tu unaopotea.

Kisu cha pili alikitengeneza kwa tupa nyingine ya jozi ileile. Kulainisha alikufanya kwa kuipasha hadi wekundu mzito, chini ya pale sumaku inapoacha, akaushikilia hapo kwa muda na kuiacha ipoe. Haikulainika sana kama ile ya usiku wa makaa, lakini ilikubali drili iliyonolewa vizuri. Meno aliyasaga yote, pamoja na mitaro yake, mpaka bapa likawa safi. Hili lilimuuma kidogo, kwani alama zile alizipenda. Mtu akitaka kuziacha, ziwe katikati ya bapa pana na kwa kina kidogo sana, mbali na makali na mbali na shingo. Pembe ya shingo aliizungusha kwa tupa ya duara, na makali akayaacha na unene wa milimita moja na nusu hivi, kwani makali membamba mno hupinda au kupasuka wakati wa matiko, na ngozi ya juu iliyopoteza kaboni motoni ni lazima isagwe baadaye. Akapitisha ile mizunguko mitatu, akapasha kivulini, akazima katika mafuta ya kula yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole kuliko ya moto kidogo, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walijaribu. Aliingiza ncha kwanza, wima, akakisogeza juu na chini bila kukitikisa kando. Feleji hii haisubiri: ina chini ya sekunde moja tu ya kupita eneo la nyuzi 550 hivi, vinginevyo hugeuka pelaiti laini. Chombo kiwe karibu na tanuri, kiwe cha chuma, kiwe na kifuniko cha kuzimia moto, na kisu kizamishwe chote kwa mara moja, kwa sababu mafuta huwaka pale chuma chekundu kinapokuwa nusu nje.

Kililegezwa kwenye nyuzi 200 mara mbili, kikiwa kimelazwa ndani ya trei ya mchanga pamoja na kipimajoto, maana oveni nyingi hupanda na kushuka sana kuzunguka namba iliyoandikwa kwenye kitufe. Rangi aliitazama kama shahidi wa pili tu. Majedwali ya rangi hukisia mpasho mfupi, na bapa linalokaa saa mbili kwenye joto dogo hukoza rangi kuliko jedwali linavyosema. Kisha akayanoa makali na kuyakandamiza juu ya fimbo ya shaba ya njano. Yalimeguka kipunje kimoja kidogo karibu na ncha. Akakirudisha kwenye nyuzi 220 kwa mzunguko mwingine, akanoa tena, na safari hii makali yakabonyea juu ya fimbo na kurudi. Hapo ndipo kulegeza kunakoamua jambo: tofauti ya nyuzi 20 juu ya feleji yenye chembe ndogo huonekana wazi kwenye makali. Juu ya feleji iliyoungua ni kupoteza muda.

Kwa yule asiye na kivuli, kipimajoto wala uzoefu wa kuona ule mgeuko, ningemwelekeza njia nyingine kabisa: asiipashe tupa wekundu hata mara moja. Kiwanda kimekwisha kuitia matiko kwa joto linalodhibitiwa, na chembe zake ni ndogo kuliko atakazozipata kwenye makaa. Ailegeze kama ilivyo, kwenye nyuzi 200 hadi 220, mara mbili, kisha aisage hivyohivyo ikiwa ngumu. Ni kazi ndefu na inamaliza mikanda ya msasa. Ashike bapa kwa vidole vitupu, achovye majini kila linapoanza kuchoma, kwa sababu grainda inaweza kuyafikisha makali membamba kwenye buluu kwa kufumba na kufumbua, na makali yaliyofika buluu yamekwisha laini. Kama mkia unakataa drili, aufunge mkia juu na bapa ndani ya maji, aupashe mkia pekee kwa bana ya gesi mpaka upite buluu na kuwa kijivu. Shingo ibaki juu ya maji kidogo tu ili rangi ishuke taratibu, isikatike ghafla kati ya ngumu na laini, na pembe yake iwe imezungushwa kabla ya moto wowote kuigusa.